Pikapu ya dizeli inapogoma: Kompyuta hutoa dalili, fundi hutambua ugonjwa

MAGARI ya mizigo yatokayo Bungoma kuelekea Kitale hupanda mwinuko wa takriban mita 500 kabla ya kufika mwisho wa safari. Ni katika mwinuko huo ambapo pikapu nyingi za dizeli hudhihirisha maradhi ambayo hayakuonekana zilipokuwa zikizunguka mjini bila mzigo.

Dalili zenyewe hufanana. Dereva aliyebeba magunia ya vitunguu kutoka soko la Chwele hupita Kimilili bila tatizo lolote. Anapokaribia Kiminini gari hupungukiwa na nguvu ghafla, taa ya manjano yenye mchoro wa injini huwaka kwenye dashibodi, na hata akikanyaga mafuta hadi mwisho injini haiitikii.

Akizima gari na kuliwasha tena, hurejelea hali yake ya kawaida kwa kilomita chache, kisha hugoma upya.

Kinachofuata ndicho huamua iwapo mwenye gari atatumia shilingi elfu chache au atauza ng'ombe ili kulipa fundi. Katika gereji nyingi za jua kali, fundi husikiliza mngurumo, hutazama moshi, kisha hutaja kipuri cha kubadilishwa. Kipuri hicho kisipotibu, hutajwa kingine. Baada ya wiki mbili mwenye gari huwa amenunua nozeli, sensa na pengine pampu nzima, ilhali gari lingali linagoma palepale.

Ni kwa sababu hiyo programu za kompyuta za kupima magari, ambazo zamani zilipatikana tu kwa mawakala wa kampuni kubwa mijini, zimekuwa chombo cha lazima hata kwa fundi wa mji mdogo. Hata hivyo, chombo hicho hueleweka visivyo. Wapo wanaodhani kwamba kompyuta hutaja kipuri kilichoharibika. La hasha.

Kutoka kwa sikio hadi kwa sensa

Pikapu za zamani, kama vile Toyota Hilux zilizotumia injini za 2L na 3L, hazikuhitaji kompyuta. Pampu yake iliendeshwa na injini yenyewe na kupeleka mafuta kwa kila nozeli kupitia paipu yake, na nozeli ilifunguka shinikizo, au presha kama mafundi waitavyo, lilipofika kiwango fulani. Fundi mwenye spana na sikio zuri aliweza kuitengeneza chini ya mti.

Mambo yalibadilika ulipokuja mfumo wa bomba la pamoja, ambalo mafundi huliita reli. Kampuni ya Denso ya Japani iliuweka mfumo huo katika lori mwaka wa 1995, na miaka miwili baadaye teknolojia iyo hiyo ikaingia katika magari madogo barani Ulaya. Hilux za kizazi kilichozinduliwa mwaka wa 2004, zenye injini za D-4D, ziliufanya kuwa jambo la kawaida katika barabara za Afrika Mashariki.

Katika mfumo huu, pampu hujaza mafuta ndani ya reli kwa shinikizo kubwa mno. Gari likiwa limesimama injini ikinguruma taratibu, shinikizo hilo huwa la bar 300 hivi. Likipanda mlima na mzigo, linaweza kupita bar 1,500. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 tu au zaidi kidogo.

Nozeli nazo hazifunguki zenyewe. Hufunguliwa kwa umeme, kwa amri ya kompyuta ya injini, ambayo hupokea habari kutoka kwa sensa mbalimbali: shinikizo ndani ya reli, kiasi cha hewa inayoingia, joto la maji ya rejeta, kasi ya kranki shafti na kiwango ambacho dereva amekanyaga mafuta.

Kompyuta hiyo huwa na viwango ilivyotarajia kuviona. Kiwango kikipotoka kupita mpaka uliowekwa, huwasha taa ya onyo, huandika namba ya hitilafu katika kumbukumbu yake na, tatizo likiwa kubwa, hupunguza nguvu za injini kimakusudi ili isije ikajiharibu. Basi pikapu inayogoma karibu na Kiminini mara nyingi haijafa, imejihami.

Namba na maana yake

Chini ya usukani wa magari mengi ya kisasa kuna soketi yenye nafasi 16 za pini. Marekani iliilazimisha kwa magari madogo yote mapya kuanzia yale ya mwaka wa 1996. Ulaya ilifuata mwaka wa 2001 kwa magari ya petroli, na miaka michache baadaye kwa yale ya dizeli. Kwa kuwa watengenezaji huuza magari kote duniani, soketi hiyo ikaenea hadi kwingineko.

Fundi huunganisha hapo kifaa kidogo kinachozungumza na kipakatalishi au simu yenye programu ya upimaji. Namba zinazotokea huanza kwa herufi. Herufi P huhusu injini na gia, B huhusu bodi, C huhusu breki, usukani na mifumo mingine ya chesisi, na U huhusu mawasiliano baina ya kompyuta za gari zenyewe.

Tarakimu ifuatayo herufi huonyesha ikiwa namba hiyo ni ya kawaida kwa magari yote au imebuniwa na mtengenezaji. Sufuri kwa kawaida ni ya wote, na moja ni ya kampuni husika. Hii ndiyo sababu namba ya P1229 hupata maana yake katika maelezo ya kampuni, kama Toyota inayoihusisha na mfumo wa pampu ya mafuta, ilhali P0087 ina maana moja kwa kila gari: shinikizo katika reli liko chini mno.

Namba nyingine zinazojitokeza mara kwa mara katika dizeli ni P0299, yaani tabo haisukumi hewa ya kutosha. P0401, yaani moshi unaorudishwa kwenye injini ni haba. Na P0101, kwamba sensa ya kupima hewa inatoa habari zisizolingana na hali ya injini.

Hapa ndipo makosa huanza. Fundi aonaye P0087 na kuagiza pampu mpya amesoma namba bila kuielewa. Shinikizo linaweza kushuka kwa sababu filta imeziba, tangi lina takataka, hewa inaingia kwenye paipu, vali inayodhibiti mafuta yanayoingia katika pampu inakwama, nozeli inavujisha mafuta kurudi kwenye tangi, au sensa yenyewe inasema uongo. Pampu ni mshukiwa mmoja tu kati ya wengi, tena ndiye ghali zaidi.

Daktari huwa hatibu joto la mwili kwa kuvunja kipimajoto, wala hatoi dawa kwa sababu tu mgonjwa ana homa. Kwanza hutafuta homa hiyo imetokana na nini.

Hatua kwa hatua

Kazi ya kutambua tatizo huanza kabla ya kompyuta kuwashwa. Fundi humuuliza dereva maswali: Gari hugoma likiwa na mzigo au hata likiwa tupu? Asubuhi kukiwa na baridi au baada ya mwendo mrefu? Mafuta yalinunuliwa wapi mara ya mwisho? Filta ilibadilishwa lini?

Kisha hutumia macho. Waya zilizotafunwa na panya, paipu ya tabo iliyopasuka na kutapakaa oili, filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara za mashambani. Yote haya huonekana bila programu yoyote.

Betri nayo hupimwa. Ikiwa nzima, huonyesha volti 12.4 hadi 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.5 na 14.5 hivi injini inaponguruma. Umeme ukiwa dhaifu, sensa na kompyuta hutoa habari za kupotosha na fundi hufuata kivuli. Aidha, kifaa kikikataa kuwaka kinapochomekwa, huenda si kibovu. Pini ya 16 ya soketi, inayobeba umeme wa betri, hupitia fyuzi, na fyuzi hiyo ikiungua soketi hufa.

Baada ya hapo swichi hufunguliwa, namba husomwa na kuandikwa kwenye karatasi. Programu nyingi huonyesha pia hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: kasi ya gari, mzunguko wa injini, joto na uzito wa kazi. Habari hiyo ni hazina. Ikionyesha kwamba hitilafu ilitokea injini ikiwa imeelemewa mlimani, fundi hujua mahali pa kutafuta.

Kosa kubwa katika hatua hii ni kufuta namba mara moja ili taa izime. Mwenye gari huondoka akiwa na furaha, nayo habari ambayo ingemsaidia fundi huwa imepotea. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Taa hiyo itawaka tena, pengine usiku, mbali na msaada.

Hatua inayofuata ndiyo yenye faida kuliko zote, nayo ni kutazama takwimu za injini inapofanya kazi. Programu huonyesha shinikizo ambalo kompyuta inalitaka katika reli na lile linalopatikana. Injini ikiwa haijaelemewa, tarakimu hizo mbili hukaribiana. Gari linapopandishwa mlima, mtu mwingine akiwa ameshika kipakatalishi wala si dereva mwenyewe, tofauti hujitokeza.

Katika mfano wa pikapu ya vitunguu, tuseme kompyuta inataka bar 1,200 lakini inapata 700 tu. Hilo linaeleza ni kwa nini gari halina tatizo likiwa limesimama. Mafuta yanayohitajika wakati huo ni kidogo na hupenya hata kwenye filta iliyoziba nusu. Mlimani mahitaji huongezeka, filta hushindwa, shinikizo huanguka na kompyuta hupunguza nguvu. Gari likizimwa na kuwashwa, kompyuta huanza upya na kuirudishia injini nguvu zake, hadi hali iyo hiyo itokee tena.

Kwa hivyo fundi mwangalifu huanza na kilicho rahisi. Huchomoa mafuta ya chini ya filta na kuyaweka katika chupa inayoonyesha ndani. Maji yakikaa chini na dizeli juu, au uchafu mweusi ukitanda, jibu huanza kuonekana. Filta mpya huwekwa, gari hupandishwa tena mlima uleule na mzigo uleule, na tarakimu hulinganishwa.

Shinikizo likifika panapotakiwa, kazi imekwisha. Lisipofika, hupimwa mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli. Nozeli inayorudisha mafuta mengi kuliko wenzake ndiyo inayovujisha shinikizo. Vali ya pampu hufuata, na pampu yenyewe huwa ya mwisho kuhukumiwa.

Kitale si Mombasa

Kuna jambo jingine ambalo fundi wa maeneo haya hana budi kulijua, nalo halimo katika vitabu vingi vilivyoandikwa ughaibuni. Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma karibu mita 1,400. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani.

Swichi ikiwa imefunguliwa na injini haijawashwa, sensa ya shinikizo la hewa huko Mombasa huonyesha takriban kilopaskali 101. Bungoma huonyesha kama 86, na Kitale kama 80. Fundi asiyejua hilo anaweza kuona 80, akailinganisha na 101 iliyo katika maelezo, na kuagiza sensa mpya ilhali iliyopo ni nzima kabisa. Kinyume chake pia ni kweli: sensa inayoonyesha 101 mjini Kitale ndiyo inayofaa kushukiwa.

Hali ya hewa husaidia vilevile kupima sensa za joto. Gari lililolala nje usiku kucha linapofunguliwa swichi alfajiri, joto la maji ya rejeta na la hewa inayoingia huwa karibu sawa. Moja ikionyesha nyuzi 40 chini ya sufuri, Kitale haijageuka ncha ya dunia. Waya wa sensa hiyo umekatika au soketi yake imechomoka.

Hatari iliyojificha

Kwa miaka mingi, mafundi wa dizeli walitambua nozeli mbovu kwa kulegeza paipu ya kila nozeli injini ikiwa inanguruma. Mngurumo usipobadilika, nozeli hiyo ndiyo iliyolala. Mbinu hiyo ilifaa kwa injini za zamani. Katika injini za reli inaweza kumlemaza fundi.

Mafuta yanayochomoka kwa shinikizo la mamia ya bar hupenya ngozi mithili ya sindano. Kidonda chake huwa kidogo kama tundu la mwiba na huenda kisiume sana mwanzoni, lakini dizeli iliyoingia ndani huharibu nyama na mishipa. Mtu aliyepatwa na ajali hiyo anahitaji kupelekwa hospitalini mara moja na kuwaambia madaktari wazi kwamba amedungwa na mafuta yenye shinikizo kubwa. Akingoja hadi kesho kwa kuwa kidonda ni kidogo, anaweza kupoteza kidole au mkono.

Katika hili, kompyuta ni kinga. Programu nyingi za upimaji zinaweza kuamuru nozeli moja inyamaze kwa muda huku fundi akisikiliza mngurumo, bila yeyote kugusa spana. Nyingine huonyesha kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kwa kila nozeli ili injini itulie. Inayoongezewa mno huwa ndiyo iliyochoka, au silinda yake ina tatizo jingine.

Programu ipi, kwa kazi ipi

Vifaa haviko sawa. Vile vidogo vinavyofanya kazi na simu, ambavyo vingi ni nakala za chipu ya ELM327 iliyobuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, husoma namba za kawaida na takwimu chache. Kampuni hiyo ilifunga shughuli zake mwaka wa 2022, lakini nakala hizo zingali zinauzwa kote. Zinamfaa mwenye gari anayetaka kujua kwa nini taa imewaka.

Magari yaliyotengenezewa soko la Japani, ambayo ndiyo mengi miongoni mwa mitumba iingiayo Kenya, huleta utata zaidi. Baadhi ya yale ya zamani yana soketi ya umbo lilelile lakini hayajibu lugha ya vifaa hivyo rahisi. Mnunuzi hudhani ameuziwa kifaa kibovu, kumbe gari ndilo lisiloelewa.

Fundi anayejipatia riziki kwa kazi hii huhitaji skana za kampuni kama Launch na Autel za China zinazosoma magari ya aina nyingi, au programu ya mtengenezaji mwenyewe, mfano Techstream ya Toyota. Hizi ndizo zenye uwezo wa kuamuru majaribio na kuandika habari mpya katika kompyuta ya gari.

Uwezo huo una masharti. Katika injini nyingi za reli, kila nozeli huchongwa namba yake maalumu inayoeleza tabia yake. Nozeli mpya ikiwekwa bila namba hiyo kuandikwa kwenye kompyuta, injini inaweza kugonga na kutoa moshi, na lawama zikaangukia kipuri kisicho na hatia.

Aidha, programu za wizi zinazonakiliwa kutoka kipakatalishi kimoja hadi kingine huja na virusi, tena hukwama katikati ya kazi. Umeme ukikatika au betri ikiisha wakati kompyuta ya injini inaandikwa upya, gari linaweza lisiwake tena kabisa.

Mafuta machafu

Hakuna programu itakayoandika kwenye kioo kwamba dizeli imechanganywa na mafuta ya taa. Itaonyesha matokeo tu. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli, na pampu ya reli hutegemea mafuta hayo hayo kujilainisha. Ikianza kusagika, chembe za chuma husambaa hadi kwenye nozeli, na gharama yake huwa kubwa mno.

Tatizo hilo lilikuwa zito kiasi kwamba mwaka wa 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Kwa mwenye pikapu, kinga iliyo mikononi mwake ni kununua mafuta katika kituo anachokiamini, kuhifadhi risiti, kumwaga maji ya filta mara kwa mara na kubadilisha filta kabla haijaziba.

Haki ya mwenye gari

Ujuzi huu haupatikani kwa kununua kifaa pekee. Taasisi kama Kitale National Polytechnic na chuo cha Sang'alo karibu na Bungoma hufunza ufundi, nayo mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, huwatahini mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Fundi mkongwe wa jua kali aliyezoea sikio lake hana sababu ya kuiogopa kompyuta. Sikio hilo likiungana na tarakimu humshinda kijana mwenye skana asiyejua dizeli inavyowaka.

Mwenye gari naye asikae kama mtazamaji. Ana haki ya kuonyeshwa namba zilizosomwa kabla ya kazi kuanza, na kuandikiwa. Aulize ni kipimo gani kimethibitisha kwamba kipuri fulani kimekufa. Aombe kipuri kilichotolewa. Kisha, kabla ya kulipa, apande gari na fundi, likiwa na mzigo, hadi pale lilipogomea, na namba zisomwe tena.

Fundi anayekataa ombi hilo anabahatisha kwa fedha za mwingine. Na kwa mfanyabiashara ambaye vitunguu vyake vinaoza kando ya barabara, au mkulima ambaye mahindi yake yangali shambani mvua ikinyesha, hakuna ubahatishaji ulio rahisi.